Kuhama na Kuhamishwa

Mwalimu wetu wa Jiografia hakuchapa mtoto kwa kuchelewa, wala kwa kupiga kelele, wala kwa kusahau kuni za jikoni. Alichapa kwa neno moja tu. Ukiandika kwenye mtihani kwamba watu wa visiwani walihama wakati wa ugonjwa wa malale, umekwisha. Alikuita mbele, akakupa chaki, ukaandika neno lako ubaoni, walihama, kwa herufi kubwa ili kila mtu alione. Halafu aligeukia darasa na kuuliza, "Kwa hiyo waliamka asubuhi, wakaona kisiwa kimewachosha, wakaondoka?" Tukajibu hapana, mwalimu. "Nani aliwaondoa?" Mkoloni, mwalimu. Ukarudi ubaoni, ukaongeza herufi zilizopungua, ikawa walihamishwa, na ukapokea fimbo za kiganjani ili herufi zile zisikuponyoke tena.

Mimi hazijaniponyoka. Nimemkasirikia mtu huyu kwa miaka na sina mpango wa kuacha, lakini lazima kwanza niseme ukweli, kwamba hakuna aliyenifundisha vizuri kama yeye. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angekuwa mwalimu mbovu ningekuwa nimeshamsahau.

Shule yetu ilikuwa Pasiansi, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukigeuka tulisoma na harufu ya dagaa. Kwenye ukuta wa nyuma wa darasa la sita alikuwa amechora ziwa lote kwa mkono wake. Maji aliyapaka kwa bluu ya kufulia, na visiwa akaviacha na weupe wa chokaa. Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Rubondo, vyote vilikuwepo, na katikati yake vidoa vingi ambavyo kwenye ramani ya kununua havikuwepo kabisa. Alisema ramani ya kununua ilichorwa na mtu aliyepita kwa meli akiwa na haraka ya kwenda kunywa chai. Kila mwaka mvua ilipoingia ukutani na kula kisiwa kimoja au viwili, alipanda juu ya dawati wakati wa likizo na kuvirudisha.

Alifundisha ukoloni kama mtu anayesimulia ugomvi wa jana. Mwingereza wa kwanza, alisema, alisimama kilimani, akaona maji, akayapa jina la malkia wake, mama ambaye hakuwahi kuyanywa wala kuyafulia. Wavuvi waliokuwa chini pale wakitengeneza nyavu hawakuulizwa kitu. Kisha akaja Mjerumani na stima, na stima inakula kuni, kwa hiyo visiwa vikanyolewa miti. Nahodha mmoja, alisema, alikuta kisiwa chenye watu, mbuzi na mashamba ya mtama, akakiandika kwa jina la mke wake. "Fikirini," alituambia, "unalala ukiwa Mkerewe wa kwenu, unaamka unakaa juu ya mke wa Mjerumani." Darasa lilianguka kwa kicheko na yeye hakucheka hata kidogo.

Baada ya kicheko ndipo alipoleta malale. Mbung'o waliuma watu, watu wakalala usingizi wa kufa, na mkoloni badala ya kuleta dawa akaleta amri. Visiwa viachwe. Nyumba zilichomwa ili mtu asirudi, mitumbwi ikakusanywa. Waliporudi kimyakimya miaka ya baadaye, walikuta kwenye vitabu vya serikali pameandikwa kwamba pale hapakai mtu. Mwalimu alilichukia hilo kuliko yote. Kiswahili chake kilikuwa cha chuo, kimenyooka, lakini akifika hapo hasira ilimpanda na lugha ya kwao Ukerewe ikamrudia mdomoni, l zote zikageuka r. "Hawakuhama," alisema, akigonga meza. "Warihamishwa. Mkisikia mtu anasema kisiwa kitupu, muurizeni nani amekimwaga." Tulificha nyuso chini ya madawati. Siku hizo tuliona ni kichekesho.

Alikuwa na msemo wake kwamba sentensi isiyosema nani ametenda ni sentensi ya mwizi. Ukimwambia chaki zimeisha aliuliza zimemalizwa na nani. Ukimwambia kioo kimevunjika, alikusubiri tu, mikono mgongoni, mpaka jina litoke. Mke wake, mama mmoja mpole aliyeuza vitumbua, aliwahi kutuambia kwamba hata nyumbani hawezi kusema chumvi imezidi bila kuulizwa aliyeizidisha.

Mama yangu alizaliwa Nyabwiru. Ni kisiwa kidogo, huwezi kumlaumu mtu akikosa kukisikia. Kwenye ramani ya ukutani kilikuwepo, chokaa safi, umbo lake la figo likiwa limekaa sawasawa. Siku moja niliinua mkono nikamwomba mwalimu atueleze habari zake, kama alivyotueleza za vingine. Alikitazama kama mtu anayetazama saa. "Kipo," alisema, akapangusa mikono, akahamia Ukara, na huko alitueleza hadi kengele ikalia jinsi watu wanavyolaza mbuzi ndani ili kupata samadi. Nilikaa chini nikidhani nimeuliza swali la kijinga.

Nilikuwa nalitaka jibu lile kwa sababu nyumbani halikupatikana. Mama alizaa watoto wawili kabla yangu, wavulana, wote wakafa wadogo kwa surua, na wote wamezikwa Nyabwiru kando ya baba yake. Mimi nilizaliwa huku bara baada ya wazazi wangu kuondoka kisiwani. Kila Desemba mama alichukua jembe, akapanda mtumbwi wa wavuvi, akaenda kupalilia makaburi yale, marundo matatu ya mawe, akarudi jioni na udongo kwenye kucha. Hakunipeleka. Nikimuuliza kwa nini waliondoka alisema, "Turihama tu, mwanangu." Na mimi, mwanafunzi hodari wa mwalimu, nilimsahihisha mama yangu. Nilimwambia hakuhama, alihamishwa na mkoloni. Akasema haya, kama wasomi mmesema.

Sikujua hesabu wakati ule. Sikuketi nikajiuliza ni mkoloni gani aliyekuwa bado anahamisha watu wakati bendera yetu imeshapandishwa siku nyingi.

Lakini kulikuwa na mambo mengine ya mwalimu, na siwezi kuyaacha eti kwa sababu yananiharibia hasira. Alitupeleka Kigongo kwa lori la kuazima ili tuone ghuba kwa macho, siyo kwa ramani. Tulivuka hadi Busisi na kurudi. Juu ya kivuko alisimama kati ya ng'ombe na magunia ya mihogo akatufundisha kwa sauti, na abiria wakasogea kusikiliza. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alibisha, akasema Mjerumani alileta maendeleo, alijenga boma, alijenga gati, wazee wake walimsifu. Mwalimu alimuuliza, "Alijenga kwa mikono yake?" Yule bwana akafikiri, akasema mawe yalibebwa na babu yake. "Basi msifu babu yako," mwalimu akamwambia. Mpaka tunafika Busisi wameshakuwa marafiki, na yule bwana akatununulia watoto wote miwa.

Hakula sangara. Alisema samaki yule ni mkoloni wa mwisho, aliletwa akamwagwa ziwani bila kuuliza wenyeji, akawameza furu wetu wadogo wote, na siku ya uhuru hakuna aliyemshushia bendera. Sisi tuliomfahamu tulijua mke wake alinunua mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya kiwanda kukata minofu ya kupeleka Ulaya, na kwamba mchuzi wa mapanki aliunywa. Nilipokua na kuwa na mdomo nilimuuliza mbona. Akajibu kwamba anakunywa mchuzi, hali samaki.

Mitumba ilipofunguliwa, soko la Mlango Mmoja likajaa nguo za Ulaya, naye akapata koti la sufu zito lenye maandishi ya Kijerumani ndani ya kola. Mwanza haina baridi ya koti lile. Alilivaa hivyo hivyo, jasho likimtoka, na mtu akimshangaa alisema, "Hii ni fidia." Nilimpenda siku hiyo. Nasema wazi, nilimpenda kama baba.

Na baba yangu mwenyewe alipoamua kwamba nikimaliza la saba nikakae mwaloni, kwenye soko la ufukweni, kuuza dagaa, ni mwalimu aliyekuja nyumbani kunitetea. Alikaa kwenye kigoda tangu saa za chai mpaka kuku wakaingia bandani. Hakugomba. Alizungumza habari za mvua, habari za mchango wa kanisa, kila mara akirudi palepale, kwamba msichana huyu ana kichwa. Baba alichoka kabla yake. Mama alipika ugali na sato, akampa mtu ampelekee, na yeye mwenyewe hakutoka jikoni hata kusalimia. Nilidhani ni heshima. Kwetu mwanamke anaweza kukaa jikoni kwa heshima, na anaweza kukaa jikoni ili asimwone mtu usoni, na ukiwa mtoto huwezi kujua ni ipi.

Nilisoma sekondari hadi kidato cha nne. Dagaa niliuza baadaye hata hivyo, Kirumba mwaloni, kwa sababu kazi za ofisini zilikuwa zinapunguzwa na wenye vyeti vikubwa kuliko changu walikuwa wanarudishwa nyumbani. Sikuona aibu. Nilikuwa na meza yangu, wavuvi wangu, na habari zote za ziwa zilipita hapo kabla ya kufika redioni.

Hapo ndipo niliposikia kwamba Nyabwiru imepata mwekezaji. Neno lenyewe lilikuwa bado jipya mdomoni, wengine walisema mwekezi. Alitaka kujenga nyumba za watalii, Wazungu waje kuvua sangara kwa ndoano kwa raha zao na kumrudisha majini, jambo ambalo wavuvi wa Kirumba walilicheka hadi wakashika mbavu. Tuliacha kucheka tulipoambiwa kwamba hakuna mtu mwingine atakayeruhusiwa kutia nanga pale. Mama alinyanyuka kutoka alipokuwa amekaa. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema majina ya wale wavulana wawili kwa sauti.

Mwalimu alikuwa karibu na kustaafu. Nilikwenda kwake mbio, na alikuwa moto kuliko mimi. Mkoloni alikuja na bendera, alisema, huyu amekuja na brifkesi, lakini wote wawili wanaanza kwa kusema hapa hapana mtu. Aliahidi kwamba siku ya kikao atasimama. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, mwalimu atasema. Mama aliuliza, "Kakuambia mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi Mungu ni mkubwa. Anayejua ndiye atakayesema." Nilidhani anasifu elimu yake.

Kikao kilifanyika uwanja wa shule ya kijiji kilicho ng'ambo ya kisiwa, kule ambako wengi waliotoka Nyabwiru walifikia. Walikuja maofisa wa wilaya, akaja wakili wa mwekezaji, kijana aliyevaa miwani ya jua hata kivulini. Afisa wa ardhi alieleza jambo lenyewe bila kuzungusha, na ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu nililielewa. Kama wakazi wa mwisho wa kisiwa waliondolewa kwa amri, basi wana madai, watasikilizwa, na kisiwa hakigawiwi mpaka yaishe. Kama waliondoka wenyewe, wamekiacha. "Kwa hiyo wazee wetu," alisema, "mlihama au mlihamishwa?"

Mzee wa kwanza akasimama, kofia mkononi. "Turihama, mheshimiwa." Wa pili naye, turihama. Mama mmoja, turihama kuja kijijini. Nilikuwa nimeshawaeleza, nyumba kwa nyumba, neno la kusema. Lakini walikuwa wamesimama mbele ya watu wa serikali, na miaka ile ya operesheni ya vijiji vya ujamaa walifundishwa neno moja la kumwambia mtu wa serikali. Aliyesema amehamishwa aliitwa na katibu wa tawi la chama aeleze ana maana gani, na alieleza mpaka usiku. Aliyesema amehama aliachwa akalale. Walikuwa wamelisema neno lile kwa muda mrefu hata mdomo ulilitoa wenyewe. Wakili alikuwa anaandika, anatabasamu.

Nikamtazama mwalimu. Alikuwa mstari wa mbele, na koti lake. Afisa akamwita kwa heshima, akasema hapa tuna mwalimu wa Historia na Jiografia, mtu anayejulikana, atusaidie. Mwalimu akasimama. Alianza na Mjerumani, akaja kwa Mwingereza, malale, moto, mitumbwi. Alisema walihamishwa, akalirudia, r zikaruka, na mimi nikaanza kupumua.

Wakili akainua kalamu. "Shikamoo mwalimu. Tumekusikia, lakini hao walirudi baadaye, wewe mwenyewe umesema. Ninauliza wa mwisho. Hawa waliokaa hapa. Wao nani aliwahamisha?"

Mwalimu alikuwa amezoea kuliuliza swali hilo, hakuwahi kuulizwa. Aliangalia ziwa, akaangalia kofia za wazee, na nadhani alimwona mama, kwa sababu macho yake yalirudi haraka. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha chuo, kila l mahali pake, taratibu:

"Hao walihama wenyewe."

Akakaa. Afisa akashukuru. Kikao kikafungwa kwa sala.

Mama hakulia. Tulipofika nyumbani alivua kanga ya kikao, akaikunja, akaniambia mambo ambayo alipaswa kuniambia tangu nikiwa naandika ubaoni. Kwamba mwalimu alikuwa kijana wakati wa operesheni, anafundisha kijiji kile kile cha ng'ambo, na walimu ndio waliopewa kazi kwa sababu walijua kusoma. Kwamba alifika Nyabwiru na mgambo na kipaza sauti. "Arisimama juu ya jiwe, arisoma majina," mama alisema. "Akikusoma unabeba godoro unaingia mtumbwini. Bibi yako arikataa, akashika mlango. Yeye akarisoma jina rake tena, na tena, hakupandisha sauti, kama anaita mahudhurio. Mpaka bibi akaona aibu akaachia." Mgambo walichoma nyumba nyuma yao. Bibi hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Nilimuuliza kwa nini alinipeleka kwenye shule ya mtu yule. Kwa nini alimpikia sato. Kwa nini aliniacha nimpende. Nilipiga kelele, na majirani walisikia, na sikujali.

"Ungesoma kwa nani?" mama aliuliza. "Wote wariokuwa wanajua kusoma warikuwepo siku ile. Niridhani siku ikifika atasema, kwa kuwa ndiye anayejua."

Hasira yangu haikujua ikae wapi. Nilimkasirikia mama kwa ukimya wake na wale wazee kwa utiifu wao. Nilikasirikia serikali ya wakati ule iliyochoma nyumba za watu wake na ya wakati huu iliyouliza swali la kisheria kwa watu iliyowatisha hadi wakasahau jibu. Lakini kila nilipozunguka nilirudi kwake. Alituchapa watoto. Alituchapa kwa kusema neno ambalo yeye mwenyewe alilihitaji kuliko mtu yeyote darasani, na kila fimbo aliyoipiga ilikuwa inamwelekeza mkoloni, nenda kamtafute kule, mbali, kwenye stima. Hakusema uongo hata siku moja juu ya Mjerumani. Alimsema Mjerumani kweli tupu, miaka yote, ili asimseme mtu mwingine.

Tulipishana njiani mara kadhaa baada ya hapo, na kila mara nilivuka barabara. Alistaafu. Mke wake alifariki, na sikwenda msibani, jambo ambalo Pasiansi walilisema sana. Nyabwiru ikajengwa. Wavuvi walitwambia habari za mapaa ya nyasi na viti vyeupe, na Desemba ikifika mama alilitazama jembe lake tu, kwa sababu mtumbwi uliokaribia ulifukuzwa kwa honi.

Halafu asubuhi moja mwalimu alikuja kwenye meza yangu Kirumba. Alikuwa amepungua, koti limekuwa kubwa. Alisimama mbele ya dagaa wangu akingoja nimwamkie. Mimi nilipanga mafungu. Sikumwamkia, na wanawake wa meza za jirani wakaacha walichokuwa wanafanya, maana kumnyima mwalimu wako shikamoo hadharani si jambo dogo.

"Marahaba," alisema yeye mwenyewe, kana kwamba nimesema. Kisha: "Nataka kwenda Nyabwiru. Mimi sijui watu wa boti. Wewe unawajua."

"Kufanya nini?"

"Kuona."

"Uliona," nikamwambia. "Ulikuwa na mahali pazuri, juu ya jiwe."

Hakushtuka. Nadhani alijua kwamba najua, na huenda ndiyo sababu alikuja kwangu na si kwa mwingine. Nilitaka kumwambia aogelee. Lakini nilipomsimulia mama mchana ule, nikitegemea akasirike pamoja nami, mama alisema nimpeleke. "Wewe mwanamke hawatakupigia honi ukiwa na mzee wa koti. Uangarie wanangu kama hawajaota majani."

Basi tulikwenda, mimi, mwalimu, na mvuvi mmoja mwenye injini niliyemfahamu. Njiani alinionyesha visiwa kwa kidole kama zamani, akitaja jina la kila kimoja, na mimi sikugeuza kichwa. Alipoona sigeuki aliendelea kumtajia mvuvi, ambaye alivijua vyote kuliko yeye na akawa anaitikia kwa adabu.

Nyabwiru ilikuwa na gati la mawe, jipya, limejengwa vizuri. Tulishuka juu yake na mlinzi akaja mbio, kijana mwenye sare na rungu, kutoka upande wa Geita kwa lafudhi yake. "Shikamoo mzee. Shikamoo dada. Samahani, hapa ni kwa wageni tu."

Mwalimu alimwambia kwamba yeye si mgeni hapa.

"Wenyeji walihama zamani, mzee. Tumeambiwa."

Mwalimu alivuta pumzi. Nilimwona akivuta, na nikajua linakuja, na nikatamani kumziba mdomo, kwa sababu hapakuwa na afisa pale, wala wakili, wala mzee hata mmoja mwenye kofia mkononi. Palikuwa na kijana mwenye rungu tu. "Hawakuhama," alisema, na mdomo wake ukamsaliti kama enzi zile. "Mimi ndiye niriyewahamisha. Mimi, kwa kipaza sauti. Niriwasoma majina."

Kijana alinitazama mimi, kama watu wanavyowatazama watoto wa mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. "Haya mzee," alisema kwa upole. "Pole na safari."

Mwalimu alibaki amesimama. Nadhani alikuwa ametegemea kitu kitokee. Alikuwa amelibeba neno lile tangu ujana wake, akalinyima kikao kizima cha watu waliolihitaji, na sasa alikuwa amelitoa bure kwa mtu ambaye halimhusu. Sikumhurumia. Nimejaribu baadaye kumhurumia na bado sijaweza.

Nilimgeukia mlinzi, nikamwambia sisi hatutakaa, nataka kufika upande wa mwamba mkubwa tu, kuna marundo ya mawe, matatu, niyaangalie kisha tuondoke.

"Yale marundo?" alisema, na uso wake ukafunguka kwa kuona ana jambo la kunisaidia. "Aa, hayo utayatafuta bure, dada. Yalishatolewa wakati wa ujenzi. Tuliambiwa ni mawe ya watu wa zamani waliokuwa wanasafisha mashamba. Bosi akasema ya nini tupasue mengine na haya yapo tayari." Akagonga kwa buti lake chini, mahali tuliposimama. "Si ndiyo haya. Gati lote hili."

Mwalimu alitazama chini. Akainama, akaanza kuvua viatu, mkono mmoja umeshika bega la mvuvi. Mimi nilimwuliza mlinzi ni yapi, mawe yapi hasa, ya upande gani. Alijaribu kweli kunisaidia, akatembea huku na kule akiangalia, kisha akasema hajui, yalichanganywa.

Tulirudi. Pale Pasiansi mwalimu alisema, "Utamwambia mama yako?" Nikamwambia akamwambie mwenyewe, anapajua nyumbani, amewahi kukaa kutwa nzima. Alisimama barabarani ameshika viatu vyake mkononi, na sijui kama alikuja nyuma yangu hatua chache au hakuja kabisa, kwa sababu sikugeuka. Nyumbani hakufika, wala siku ile wala baadaye.

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuuliza habari za mwalimu. Aliuliza kama nilifika walipolala wanawe. Nikasema ndiyo, nilifika, nilisimama palepale. Akauliza kama pameota majani.

"Hapana," nikamwambia. "Pamesafishwa. Hakuna hata jani."

Mama aliweka ungo chini. "Kumbe wana utu," alisema. "Mungu awabariki waliopasafisha."